Birika la Tangawizi Chini ya Daraja

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha ushonaji huko Fordsburg, Léocadie alipitia Newtown. Mkono mmoja ulibeba chupa ya chai. Mkono mwingine ulibeba mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na sigara moja.

Sigara hiyo aliinunua kwa mama anayeuza ndizi, peremende na sigara moja moja karibu na roboti, pale taa nyekundu inaposimamisha magari. Mama yule hakuuliza tena. Akimwona Léocadie anakuja, aliitoa tu.

Chini ya daraja la barabara kuu alilala mdogo wake, Damien. Alilala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, ndani ya mablanketi mawili ya kijivu. Léocadie aliweka chai chini. Aliweka mkate. Kisha alimpa sigara. Damien aliiwasha huku mikono ikimtetemeka. Léocadie alimtazama mpaka mikono ile ikatulia. Hapo alisema maneno yale yale ya kila siku:

"Kula kabla haijapoa."

Halafu alienda kazini.

Lakini asubuhi moja ya baridi, mwezi wa Juni mwaka 2017, Damien aliusukuma mkono wake.

"Leo sitaki, Yaya."

Yaya ni jina la heshima. Kwao Bukavu, mdogo humwita hivyo dada yake au kaka yake mkubwa.

"Umenikasirikia?" Léocadie aliuliza.

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Sijui. Lakini sigara sitaki."

Mikono yake ilitetemeka kuliko siku zote. Aliificha kwapani.

"Unakumbuka Jumamosi ulipokuja na Gaëlle?" alisema. Gaëlle ni binti wa Léocadie. Ana miaka sita, na ana pumu. "Alinikimbilia. Akaficha uso kwenye koti langu. Kisha akaanza kukohoa."

"Nakumbuka. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, akapoa."

"Wewe ulikuwa unatafuta dawa kwenye mkoba. Hukusikia alichoniambia. Aliniambia, 'Sori, Malume.'"

Malume ni mjomba kwa Kizulu. Gaëlle alizaliwa Johannesburg. Kiswahili anakisikia, lakini akiongea hutoka Kizulu na Kiingereza.

"Mtoto aliniomba msamaha, Yaya. Kwa sababu ya moshi wangu mimi."

Léocadie alichuchumaa karibu naye.

"Damien, maisha haya ya nje ni magumu. Sigara ni kitu chako kimoja kidogo. Nani atakulaumu?"

"Mimi," Damien alisema.

Léocadie alifungua chupa. Alimimina chai.

"Kula kabla haijapoa," alisema, akaondoka na sigara yake mfukoni.

*

Siku hiyo alishona vibaya. Alifumua mkono wa gauni mara mbili. Alikuwa anamwaza mdogo wake.

Damien hakuzaliwa kulala chini ya daraja. Alipofika Johannesburg alikuwa mlinzi kwenye maegesho ya magari. Aliishi na Léocadie, mume wake Hénock na Gaëlle katika fleti yao ndogo ya ghorofa ya tatu. Kisha muda wa karatasi yake ya ukimbizi ukaisha. Kabla hajapata nyingine, kazi ikapotea. Akawa anashinda nyumbani. Akaanza kuvuta zaidi. Alivutia kwenye ngazi, lakini nguo zake ziliingia ndani na moshi, na kifua cha Gaëlle kiliusikia.

Hénock ni mtu wa kanisa. Jumapili yeye husimama mlangoni na kuwaonyesha watu viti. Alimwombea shemeji yake kwa moyo wote. Jumapili moja Damien akaitupa pakiti yake ya sigara mbele ya madhabahu. Pale pale akapewa kipaza sauti atoe ushuhuda.

"Sigara imekwisha kwangu," Damien alisema. Watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Na Damien aliamini kila neno alilosema.

Wiki haikuisha. Hénock alirudi kutoka kazini akamkuta kwenye ngazi, moshi ukimtoka puani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mbele ya kanisa zima, shemeji." Akampita, akapanda juu.

Kesho yake godoro la Damien lilikuwa limekunjwa vizuri. Damien mwenyewe hakuwepo.

*

Mchana huo, Léocadie akiwa bado kwenye gauni lile, aliingia mteja, Sista Bosibori. Ni muuguzi kutoka Kenya. Hufanya kazi kwenye gari la kliniki linaloegeshwa Newtown kila Alhamisi, kwa ajili ya watu wanaolala nje. Alileta sare yake nyeupe ipunguzwe kiuno.

"Kaza kidogo tu, dada," alisema. "Usikaze sana. Bado nina nia ya kula."

Léocadie alijaribu kucheka, ikashindikana. Sista Bosibori akavuta kiti.

"Haya. Niambie."

Léocadie alimweleza yote. Mwisho aliitoa ile sigara na kuiweka juu ya meza ya cherehani.

"Sasa nifanye nini, Sista? Yule mtu hana kitu. Nikimnyima hata hii, nitakuwa dada wa namna gani?"

"Yeye amekuambia nini?"

"Amesema hataki."

"Basi tumsikilize yeye." Sista Bosibori alikunja sare yake magotini. "Watu hudhani anayelala nje hana haja ya kuacha sigara. Wanasema, ana shida kubwa zaidi. Mimi huwa nawauliza wenyewe. Wengi wanataka. Wengi wameshajaribu, tena peke yao, bila dawa, bila mtu wa kuwauliza wameamkaje. Nawaheshimu sana. Mimi nilijaribu kuacha sukari kwenye chai, nikalia. Na nina kitanda."

"Lakini mikono yake inatetemeka. Nikimpa sigara inatulia. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona sawa. Ndani ya tumbaku mna kitu kinaitwa nikotini. Mwili ukikizoea, hukidai. Usiku kucha hajavuta, kwa hiyo asubuhi mwili unadai, mikono inatetemeka. Akivuta, inatulia kidogo, kisha inaanza tena. Sigara inatuliza shida ambayo sigara yenyewe imeileta."

Léocadie aliitazama sigara ile ndogo juu ya meza.

"Na mimi ndiye niliyekuwa namletea. Kila siku."

"Wewe ulikuwa unampelekea mdogo wako chai kila siku," Sista Bosibori alisema. "Hilo usiliache. Badilisha tu kilicho mfukoni. Na Alhamisi mlete."

*

Alhamisi Damien alikuja. Alikuwa amenawa uso kwenye bomba la gereji na kuchana nywele.

Sista Bosibori alimsikia akikohoa, akauliza kwanza kuhusu kikohozi hicho.

"Kimeanza lini?"

"Kabla ya baridi."

"Kikohozi kikizidi wiki mbili tunapima kifua kikuu. Usiogope, kina dawa, na kinapona. Tema makohozi kwenye kikopo hiki."

Kisha aliuliza anavuta nini.

Damien alitazama chini. "Chochote. Mara nyingi vipisi tunavyookota nje ya baa."

"Asante kwa kuniambia ukweli. Sasa na mimi nikuambie. Kipisi kimetoka mdomoni mwa mtu usiyemjua. Kinaweza kukupa ugonjwa, mbali na moshi wake. Hivyo viwe vya kwanza kuacha." Akafungua droo. "Chagua siku ya kuacha kabisa. Siku yako mwenyewe."

"Jumatatu."

"Kwa nini isiwe Jumapili?"

"Jumapili nilishaitumia," Damien alisema.

Sista Bosibori alitia mkono ndani ya droo. Alitoa plasta za kubandika kwenye ngozi.

"Ndani ya plasta hii mna nikotini kidogo. Inaingia mwilini polepole, bila moshi. Bandika mpya kila asubuhi, mahali tofauti na jana. Wiki zikipita, tutapunguza nguvu yake. Hamu itakuja hata hivyo. Itakuja kwa nguvu, lakini haikai. Dakika chache, inapita, hata usipovuta. Ikija, kunywa maji. Tafuna kitu. Tembea. Ongea na mtu. Siku za mwanzo usingizi utakupa taabu, na hasira zitakuwa karibu. Si wewe mbaya, ni mwili unazoea. Na ukiteleza, usiitupe plasta. Njoo uniambie."

"Nitakuja," Damien alisema.

*

Jumatatu ilipita bila sigara. Jumanne pia. Léocadie alileta chai, mkate, na kipande cha tangawizi cha kutafuna. Mama wa kwenye roboti alipomnyooshea sigara, Léocadie alitikisa kichwa.

"Eish! Amekufa?" mama yule aliuliza kwa hofu.

"Hapana, mama! Anaacha!"

"Kumbe! Basi chukua ndizi umpelekee. Hiyo ni zawadi yangu."

Shida ilikuja jioni, kwenye moto.

Wanaume wanaolala chini ya daraja lile wana pipa la bati lenye matundu. Jioni huwasha moto ndani yake na kukaa kuuzunguka. Wana desturi yao. Mtu akipata sigara, haivuti peke yake. Inawashwa moja, inapita mkono kwa mkono mpaka inaisha. Ndivyo wanavyojuana. Anayekaa kwenye mzunguko ule hatalala bila blanketi, na vitu vyake havitaibiwa.

Mkubwa wao ni Othmani, Mtanzania wa Tabora. Ana toroli kubwa, na hukusanya makopo na chupa za plastiki mji mzima. Usiku Damien alipofika pale kwa mara ya kwanza, ni Othmani aliyempa boksi la kulalia.

Jioni hiyo Othmani alivuta, akamnyooshea Damien sigara.

"Mimi hapana, mzee," Damien alisema.

Watu wa mzunguko waligeuka kumtazama.

"Vipi, Mkongo?" Othmani alisema. "Umeshakuwa mzungu? Unaona midomo yetu michafu?"

"Siyo hivyo."

"Siyo hivyo, ni vipi? Juzi ulikuwa mwenzetu."

Sigara ilikuwa pale, mbele ya uso wake, na mkono wa Othmani nyuma yake, mkono uliompa boksi. Damien akaichukua. Akavuta.

Usiku hakulala. Asubuhi dada yake alipokuja, aliyakuta maboksi matupu.

*

Alhamisi gari la kliniki lilikuja, Damien hakuonekana. Sista Bosibori akashuka, akafunga koti lake, akaenda kumtafuta. Alimkuta nyuma ya nguzo ya mwisho ya daraja, amejikunyata.

"Sikuja kukukamata," alisema. "Nimekuletea chai."

"Nimevuta, Sista."

"Nimekisia."

"Mimi ndivyo nilivyo. Nasema kitu mbele za watu, kisha nafanya kingine. Nyumbani nilitoka kwa sababu hiyo hiyo." Akamweleza kuhusu kipaza sauti, makofi na ngazi. Alieleza polepole, akitazama kikombe.

Sista Bosibori alikaa chini kando yake, na sare yake nyeupe, juu ya saruji.

"Damien, nimesaidia wengi kuacha. Aliyeacha mara ya kwanza bila kuteleza, simkumbuki. Kuteleza ni sehemu ya kuacha. Mtu anayejaribu tena anajua mahali palipomwangusha. Sasa niambie, palikuwa wapi?"

"Kwenye moto. Sikuitaka ile sigara. Lakini nikiikataa, nakataa watu. Na nikikaa mbali na moto, nalala peke yangu. Sista, mtu akilala peke yake huku..."

"Naelewa. Sitakuambia ukae mbali. Ulikuwa umeshika nini mkononi?"

Damien alifikiri. "Hakuna. Mikono ilikuwa mitupu."

"Aa."

Magari yalinguruma juu yao. Ghafla Damien aliinua kichwa.

"Kwetu, kwenye matanga," alisema, "watu hukaa na msiba siku nyingi. Usiku vijana huzungusha birika la tangawizi ya moto, watu wasilale. Mimi nilikuwa wa birika. Wenzangu walipewa pombe. Mimi sikupewa. Hakuna aliyenidharau, hakuna aliyenilazimisha. Walikuwa wananipisha, wanasema, mwacheni, ana birika."

Sista Bosibori alimtazama kwa furaha, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye mgonjwa aliyepewa dawa.

"Birika lina mishikio mingapi?" aliuliza.

"Mmoja. Lakini likiwa zito, mkono wa pili unashika kifuniko." Damien alionyesha. Mikono yote miwili ilikuwa mbele yake, imejaa hewa.

*

Birika alilitoa Léocadie. Lilikuwa la bati la bluu, lenye kovu ubavuni, na lilikuwa limekaa juu ya kabati tangu wafike Johannesburg. Pamoja nalo alileta mfuko wa tangawizi. Damien aliiponda kwa jiwe safi, akaichemsha juu ya lile pipa la moto. Harufu ilijaa chini ya daraja.

"Nini hiki tena?" Othmani aliuliza. "Mahali pananukia kama kuna harusi."

"Lete kikombe, mzee."

Othmani alikunywa. Macho yakamtoka.

"Tangawizi hii au petroli?"

Watu walicheka. Lakini kikombe alikinyoosha tena, na wengine nao wakanyoosha makopo yao. Damien alizunguka akimimina. Kisha sigara ya jioni ikawashwa. Ilipita huyu, ikapita yule, ikafika kwa Othmani. Othmani alivuta, akanyoosha mkono kwa Damien.

Mkono mmoja wa Damien ulishika mshikio kwa tambara. Wa pili ulishika kifuniko. Mvuke ulipanda usoni mwake. Midomo yake ilikuwa imebanwa, na jasho lilimtoka, kwa sababu hamu ilikuwa imekuja kwa nguvu zake zote.

Othmani aliitazama ile mikono. Akautazama uso. Yeye ni mtu mzima, ameona mengi. Polepole aliupitisha mkono wake juu ya birika, akampa sigara mtu wa pili.

"Mwacheni," alisema. "Huyu ana kazi. Na mimi kikombe changu ni kitupu, Mkongo. Unanipa adhabu?"

Kesho yake Damien alimsaidia kusukuma toroli, na Othmani alisema bila kumtazama:

"Ungeniambia tu kwamba unaacha. Mimi nilidhani unatuacha sisi."

"Nitawaachaje ninyi?"

"Basi sawa. Hamu ikikujia, niambie. Tutasukuma."

Ikawa hivyo. Hamu ilipomjia Damien mchana, alisema tu, "Mzee, imekuja." Walisukuma toroli kwa kasi mpaka roboti ya pili, makopo yakipiga kelele, madereva wakiwashangaa.

"Imepita?"

"Imepita."

"Mguu wangu nao umepita," Othmani alisema, huku akihema.

Hazikuwa siku rahisi. Damien alilala vibaya. Njaa ilimsumbua zaidi, maana sigara ilikuwa inamdanganya kwamba ameshiba. Siku moja alimfokea Othmani kwa sababu ya kamba ya toroli, kisha akamwomba radhi mbele ya wote. Aliteleza mara moja zaidi, siku ya mvua, nje ya baa. Safari hii hakujificha. Alhamisi alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa kliniki.

"Nimeteleza, Sista."

"Wapi?"

"Nje ya baa. Nimeshabadilisha njia."

"Safi sana," Sista Bosibori alisema, na alimaanisha. Siku hiyo pia alimpa majibu ya kipimo. Hakuwa na kifua kikuu.

Baridi ilianza kulegea. Kikohozi cha asubuhi kilipungua, kisha Damien akagundua kwamba anapanda mlima wa Fordsburg na toroli bila kusimama. Ndizi ilianza kuwa na ladha. Mikono haikutetemeka tena. Othmani naye alienda kwenye gari la kliniki, akijidai amemsindikiza mtu. Alirudi na plasta mkononi, chini ya shati, na hakuna aliyemtania. Haya basi, walimtania kidogo.

Jumamosi moja Léocadie alimleta Gaëlle. Mtoto alisimama mbali, kwa kuogopa moshi. Damien alichuchumaa, akafungua mikono. Gaëlle alikuja, akaweka pua kwenye koti lililofuliwa. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Malume, unanukia chai," alisema kwa Kiswahili chake cha shida. Hakukohoa.

*

Usiku ule Léocadie alimsimulia mume wake. Hénock alikuwa anaosha chombo ambacho Gaëlle hutumia kuvuta dawa. Huosha mwenyewe, hamwachii mtu.

"Bwana asifiwe," alisema. "Basi Jumapili aje kanisani, atoe ushuhuda. Kisha arudi nyumbani."

Léocadie ni mtu mpole. Kwa kawaida angekubali. Safari hii aliweka chini nguo aliyokuwa anaitia vifungo.

"Hapana, Baba Gaëlle."

Hénock aligeuka.

"Tulimpa kipaza sauti kabla mwili wake haujapona," Léocadie alisema. "Alipoteleza, hakuwa na mahali pa kuteleza isipokuwa mbele ya kanisa zima. Ndiyo maana alikimbia. Sista Bosibori anasema mtu huacha kwa urahisi zaidi akiwa na kitanda na watu. Sisi tunataka aache kwanza, ndipo tumpe kitanda. Ameacha kwenye baridi, Hénock. Juu ya maboksi. Mimi na wewe tungeweza?"

Hénock alichukua kitambaa. Alikausha kile chombo kwa muda mrefu. Nyuma ya mlango, godoro la Damien lilikuwa bado limesimama. Hénock mwenyewe ndiye aliyelifunika kwa plastiki lisipate vumbi.

Asubuhi Léocadie alipoamka, chupa ya chai haikuwepo. Mkate haukuwepo. Viatu vya mume wake havikuwepo mlangoni.

*

Chini ya daraja, Damien alikuwa anachemsha birika la asubuhi. Aliinua macho, akamwona Hénock amesimama, amevaa tai, chupa ya chai mkono huu, mkate mkono ule.

"Shemeji," Hénock alisema.

"Shemeji."

Othmani aliviringisha ndoo, akaigeuza iwe kiti. "Karibu, mchungaji. Kaa. Hapa hatutoi sadaka."

Hénock alikaa. Alipewa tangawizi kwenye kikombe cha bati. Alikunywa, akakohoa.

"Ni kali."

"Ndiyo," Damien alisema.

"Roboti ya kule juu imeharibika tena. Magari yamejaa."

"Nimeyasikia."

"Gaëlle ameng'oka jino."

"La mbele?"

"La mbele."

Damien alilishika birika kwa mikono miwili, ingawa hakuna aliyekuwa anasubiri kumiminiwa.

"Shemeji," alisema, "kama umekuja kwa ajili ya ushuhuda, siwezi. Sijui kama nitavuta kesho. Najua tu kwamba leo sijavuta. Hilo si neno la kusema kwenye kipaza sauti."

Hénock alifungua kitambaa, akauweka mkate mbele yake.

"Kula kabla haijapoa," alisema.

Kisha akatikisa kichwa. Mkate ulikuwa umeshapoa tangu nyumbani, kila mtu aliona.

Othmani alisimama. Alilichukua birika taratibu kutoka mikononi mwa Damien.

"Leo nitazungusha mimi," alisema, akaenda nalo kwa wenzake.

Mikono ya Damien ikabaki mitupu. Haikutetemeka. Hénock aliitazama, kisha akamtazama yeye machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazi.

"Mama Gaëlle husema hivyo kila siku, kula, kula," Hénock alisema. "Na mimi nimesema hivyo hivyo. Hilo silo nililokuja kusema. Nimekuja kusema, rudi nyumbani, Damien. Godoro lako lipo. Ushuhuda sitaki. Na ukiteleza tena, uteleze ukiwa kwetu, kwenye ngazi zetu, na mimi nitakaa na wewe pale mpaka hamu ipite."